Mwajibisheni aliyefanya, si aliyekaa karibu na mashine: barua ya wazi kwa waajiri

Kwa: Wakurugenzi watendaji, wakuu wa rasilimali watu na wenyeviti wa kamati za nidhamu katika kampuni za Tanzania

YAH: KUWAJIBISHA WAFANYAKAZI WANAOTUMIA VIBAYA VIFAA NA MTANDAO WA KAMPUNI

Ndugu viongozi,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni mafundi wa mifumo, wasimamizi wa mitandao na wakaguzi wa TEHAMA. Mtu anaposhukiwa kutumia kompyuta ya ofisi kwa mambo yake, ndio tunaoambiwa tulete ushahidi kabla ya saa tisa. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, ndio tunaokaa kiti cha shahidi. Makosa haya yapo, yanaitia kampuni hasara, na tunataka wanaoyafanya wawajibishwe. Lakini kwa namna jambo hili linavyoendeshwa mara nyingi, mwenye kosa hupona na asiye na kosa huondoka na barua ya onyo. Sababu kubwa ni moja: kampuni haiwezi kuonyesha nani alikuwa kwenye kibodi.

Chukueni mstari mmoja wa kumbukumbu za mtandao, wa aina inayotoka kila siku kwenye kifaa cha ulinzi: tarehe 14, saa 22:40, anwani 192.168.10.47, data iliyopakuliwa GB 38. Mkuu wa idara akiuona anauliza kompyuta hiyo ni ya nani, anajibiwa ni ya mhasibu fulani, na kesho yake mhasibu ana barua ya kutakiwa kujieleza.

Mstari ule haujamtaja mhasibu. Anwani hiyo si mali ya kompyuta yoyote, inaazimwa tu. Seva ya DHCP hukipa kifaa anwani kwa muda, pengine saa 8, pengine siku 8, na muda ukiisha anwani ileile inaweza kupewa simu ya mgeni aliyekuja kikaoni. Bila kumbukumbu za DHCP za siku hiyo hamjakijua hata kifaa. Na mkishakijua kifaa, mtu bado. Kama mashine inafunguliwa kwa akaunti moja iitwayo "uhasibu", na nywila yake imebandikwa kwa kikaratasi cha njano pembeni ya kioo, basi kila aliyepita pale ni mshukiwa, hata aliyefuata risiti yake. Halafu iko saa. Mifumo mingi, hasa ya kukodi mtandaoni, huandika muda wa UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa 3. Kwa hiyo 22:40 ya tarehe 14 kwetu ni saa saba na dakika arobaini, usiku wa kuamkia tarehe 15. Jengo limefungwa na mhasibu amelala kwake.

Bado hesabu yenyewe. Video ya HD hula karibu Mbps 5 (megabiti 5 kwa sekunde), yaani GB 2.25 kwa saa. Ili mtu afikishe GB 38 kwa kutazama, anahitaji karibu saa 17 mfululizo. Kompyuta inayorudisha mafaili yake yote kutoka kwenye hifadhi ya mtandaoni, kwenye laini ya Mbps 50, inafikisha kiasi hicho chini ya saa mbili bila mkono wa mtu. Hatusemi mhasibu ni msafi. Tunasema mstari ule peke yake haumtii hatiani wala haumsafishi, na kamati iliyoandika barua kwa kuutegemea imejifunga kamba yenyewe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni akaunti, na kazi hiyo inaanzia ofisini kwenu kabla ya kufika chumba cha seva. Kila mtu awe na akaunti yake kwa jina lake, kwenye kompyuta, kwenye barua pepe, kwenye mfumo wa hesabu na kwenye mfumo wa malipo wa benki. Akaunti za "mapokezi", "stoo" na "admin" zifungwe. Pale ambapo mashine moja lazima itumiwe na watu wengi, kama kompyuta ya getini au mashine ya mauzo dukani, kila mmoja apewe namba yake ya siri. Ikishindikana, liwekwe daftari la zamu: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Daftari la shilingi 3,000 limewahi kuwa ushahidi bora kuliko seva ya mamilioni, kwa sababu lina mwandiko wa mtu. Kioo kijifunge chenyewe baada ya dakika 5 bila kuguswa. Kwenye barua pepe na malipo, iongezwe hatua ya pili ya uthibitisho.

Na hapa tuseme wazi jambo linalosemwa kwa kunong'ona: mkurugenzi anayempa katibu muhtasi nywila yake ili amwidhinishie malipo akiwa safarini ameondoa uwajibikaji kwenye kampuni nzima kwa siku hizo. Mifumo ya barua pepe na ya malipo ina njia ya kukaimisha madaraka: katibu anaingia kwa akaunti yake, anapewa uwezo wa jambo hilo moja, kwa kiwango cha fedha kilichotajwa, kwa tarehe zilizotajwa. Inachukua dakika kumi kuipanga.

Waifai ina tatizo lilelile. Nywila moja inayojulikana na wafanyakazi wote, na waliokwishaacha kazi, na kijana anayeleta chai, haimtambulishi mtu. Zamani tulijitetea kwa kusema tutamjua kwa namba ya MAC ya simu yake, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao. Siku hizi haisaidii: tangu Android 10 na iOS 14, simu hujibunia namba ya MAC ya uongo kwa kila mtandao inaojiunga nao. Njia ya uhakika ni kila mfanyakazi kuingia waifai kwa jina na nywila yake mwenyewe, yaani mfumo wa 802.1X ambao vifaa vingi vya kiofisi vinao tayari ila haujawashwa. Wageni na simu binafsi ziwekwe kwenye mtandao wao, uliotengwa na wa kazi na wenye kikomo cha kasi. Kampuni ndogo isiyoweza hayo ibadili nywila siku ileile mtu anapoacha kazi.

Kuna kosa moja la vifaa tunalitaja kwa urefu kidogo kwa sababu hufanywa na watu wema. Chumba fulani waifai haifiki vizuri. Mfanyakazi ananunua rauta ndogo Kariakoo, anaichomeka ukutani kwenye tundu la mtandao, na kwa kutojua anatumia moja ya matundu ya LAN (ya kugawa mtandao) badala ya lile la WAN (la kupokea mtandao). Rauta ile nayo ina DHCP yake. Inaanza kugawa anwani za 192.168.0 kwa ofisi inayotumia 192.168.10. Kompyuta zilizowashwa asubuhi hiyo zinapata anwani kutoka kwake na njia ya kutokea isiyoenda popote, zile zilizokwishapata anwani jana zinaendelea kufanya kazi. Nusu ya ofisi inalalamika mtandao umekatika, nusu haioni tatizo, na fundi anazunguka na kebo hadi mchana. Zaidi ya hapo, rauta ile ina nywila ya kiwandani, na aliyeegesha gari nje anaweza kuingia moja kwa moja kwenye mtandao wa ndani. Dawa yake iko kwenye swichi: washeni ulinzi unaokataa DHCP isiyotoka kwenye seva yenu, na kila tundu lipokee vifaa 2 tu, simu ya mezani na kompyuta. Cha tatu kikichomekwa, tundu linajifunga na ujumbe unatufikia. Mfanyakazi huyo aonywe, ndiyo. Lakini waraka wa kutaka waifai ifike chumba kile nao uwe umejibiwa.

Sasa kanuni. "Ni marufuku kutumia mtandao wa ofisi kwa mambo binafsi" ni sentensi tunayoikuta kwenye vitabu vingi vya wafanyakazi, na haifai kitu. Kila mtu anaivunja, kuanzia anayeangalia salio la benki hadi anayemjibu mwalimu wa mwanawe. Kanuni inayovunjwa na wote hutumika kwa kuchagua, na hapo ndipo mwajiri anapoanguka. Kanuni za Utendaji Bora zilizotangazwa 2007 kwa Tangazo la Serikali Na. 42 zinauliza maswali ya msingi kabla ya mtu kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu: je, kulikuwa na kanuni? Ilieleweka? Ni ya haki? Mfanyakazi aliijua? Imekuwa ikitumika kwa wote vilevile? Na je, kufukuza ndiyo adhabu inayostahili kosa hilo? Jibu la "hapana" mahali pamoja tu linatosha kuwapa shida.

Andikeni basi mambo yanayoweza kupimwa. Kwamba video zisizo za kazi haziruhusiwi kwenye mtandao wa kazi kati ya saa 2 asubuhi na saa 11 jioni, na wakati wa chakula zinaruhusiwa kwenye mtandao wa wageni. Kwamba programu huwekwa kwenye kompyuta na idara ya TEHAMA peke yake, kutoka kwenye orodha iliyoambatanishwa. Kwamba faili lenye majina, simu au miamala ya wateja halitumwi kwenye barua pepe binafsi, haliwekwi kwenye fleshi isiyotolewa na ofisi, na halipigwi picha. Kwamba kifaa kikipotea kinaripotiwa ndani ya saa 2 kwa namba fulani, usiku na mchana. Sera iwe ya kurasa nne, kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti kwenye kikao, na kila mmoja atie sahihi na abaki na nakala. Sera ya kurasa arobaini za Kiingereza inayotiwa sahihi siku ya kwanza kazini katikati ya fomu za benki na NSSF haimjulishi mtu chochote, na wakili wa mfanyakazi ataliuliza hilo kwanza.

Tunaomba pia mpime uzito wa makosa upya. Kutazama mpira nusu saa ni kupoteza muda. Ni kazi ya msimamizi wake, na kama amemaliza kazi zake pengine si kazi ya mtu yeyote. Kuweka kwenye kompyuta programu iliyovunjwa leseni ni jambo jingine kabisa: nyingi humtaka mtumiaji azime kinga ya virusi kwanza, na baadhi huja na kijidudu kinachokusanya nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, zikiwemo za benki ya kampuni. Kunakili orodha ya wateja wiki moja kabla ya kuacha kazi ni wizi. Lakini vikao vya nidhamu vinajaa watazamaji wa mpira kwa sababu wao wanaonekana kwa macho ukipita korido, na anayenakili orodha anapewa keki ya kuagwa.

Na mkumbuke kwamba kampuni isiyonunua leseni, ikamwambia mbunifu wake "tafuta namna", haiwezi kumhukumu mbunifu huyo kwa namna aliyoipata.

Tuje kwenye ushahidi, maana hapa ndipo makosa ya kitaalamu yanapoharibu mashauri mazuri. Windows huandika matukio ya usalama kwa namba: 4624 mtu ameingia, 4625 amejaribu akashindwa, 4663 faili limeguswa, 6416 kifaa kipya cha nje kimechomekwa. Hizi mbili za mwisho haziandikwi mpaka ukaguzi wake uwashwe, na kompyuta nyingi za ofisini haujawashwa. Daftari lenyewe la usalama kwenye kompyuta ya mezani huja na nafasi ya MB 20. Likijaa, mstari mpya unafuta wa zamani. Kwa mashine yenye shughuli nyingi hizo ni siku chache. Kamati inayokutana baada ya mwezi inamtaka fundi alete kumbukumbu ambazo zilishafutika wiki tatu nyuma, kisha fundi anatuhumiwa kumkingia mwenzake kifua. Ongezeni nafasi hiyo ifike angalau GB 1, kumbukumbu zitumwe papo hapo kwenye seva nyingine, na zihifadhiwe siku 180. Saa za vifaa vyote zifuate chanzo kimoja cha NTP, huduma ya kulinganisha saa kupitia mtandao. Rauta ikiwa nyuma kwa dakika 11 na seva mbele kwa 4, hakuna anayeweza kuunganisha tukio la huku na la kule.

Siku ya kukamata kompyuta, tunawasihi: bosi asiifungue "kuangalia kidogo". Faili linalofunguliwa linaweza kubadili tarehe zake, na baada ya hapo hakuna wa kuthibitisha kipi kiliwekwa na mshukiwa na kipi kiliwekwa saa nne asubuhi ofisini kwa mkurugenzi. Ikiwa imezimwa, ibaki imezimwa. Ikiwa imewashwa, kioo kipigwe picha, fundi aamue namna ya kuizima, na asiwe na haraka, kwa sababu diski iliyosimbwa, yaani iliyofichwa kwa msimbo, ikizimwa bila ufunguo kuwepo haifunguki tena. Iandikwe lebo ya mali, namba ya kifaa, tarehe, saa na majina ya waliokuwepo, watie sahihi watu wawili, mmoja akiwa mfanyakazi mwenyewe kama yupo. Diski inakiliwa kwa kifaa kinachozuia kuandika juu yake. Nakala na asili zinapigwa alama ya SHA-256, herufi na tarakimu 64, ambayo inaandikwa kwenye fomu. Badilisha nukta moja ndani ya diski, alama nzima inabadilika. Asili inafungiwa kabatini na uchunguzi unafanywa kwenye nakala. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini inapima kuaminika kwa namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyolindwa usibadilishwe. Picha ya kioo iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp haina hata kimoja katika hivyo.

Jambo dogo la lugha ambalo lina uzito mkubwa: saa kwenye hati ya mashtaka. Ukiandika "saa 10:15", mfanyakazi atasoma saa kumi na robo jioni, na kumbukumbu ya mfumo inamaanisha saa nne na robo asubuhi. Atakuja na mashahidi watatu wa kweli kwamba jioni ile alikuwa msibani, na atashinda. Andikeni zote mbili: "saa nne na robo asubuhi (10:15 kwa saa za mfumo, saa za Afrika Mashariki)".

Kuhusu kinachoonekana na kisichoonekana, msitudai zaidi ya tulichonacho. Tovuti nyingi sasa hutumia njia iliyosimbwa, kwa hiyo tunaona jina la tovuti, hatuoni alichosoma. Na jina la tovuti ya aibu kwenye kumbukumbu si ushahidi kwamba mtu aliifungua: tangazo moja kwenye ukurasa wa habari za michezo linaweza kuita tovuti kumi bila msomaji kuziona. Tunatafuta muda aliokaa, idadi ya kurasa na kiasi cha data. Mara tatu katika sekunde moja ni tangazo. Dakika 40 zenye kurasa nyingi na MB 900 huelekea kuwa mtu.

Kufuatilia nako kuna mpaka. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha na mawasiliano ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inawataka mnaokusanya taarifa za watu muwe na lengo lililo wazi na msichukue zaidi ya mnachohitaji. Mfanyakazi aambiwe kabla ni nini kinaandikwa, kwa nini, nani anakisoma na kinakaa siku ngapi. Ulaya jambo hili limefika mbali: katika shauri la Bărbulescu dhidi ya Romania, mhandisi wa mauzo alifukuzwa 2007 kwa kuchati mambo binafsi kazini. Kanuni ya ofisi ilikataza, lakini hakuambiwa mapema kwamba mazungumzo yenyewe yatasomwa, na tarehe 5 Septemba 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema haki yake ya faragha haikulindwa. Uamuzi huo hautubani sisi, ila swali lake ni zuri kwa kamati yoyote: je, tulimwambia? Anayetuamuru tufungue barua pepe binafsi ya mtu, au WhatsApp aliyoiacha wazi kwenye kompyuta ya ofisi, ajue kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaangalia kuingia bila ruhusa. Cheo cha aliyeamuru hakimo katika maneno ya sheria hiyo. Tukikataa, tunawalinda nanyi pia.

Kikao chenyewe mnakijua, tutagusa tu yanayosahaulika. Mfanyakazi apewe tuhuma kwa maandishi na muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa, na aje na mwakilishi wa chama chake au mfanyakazi mwenzake. Kumbukumbu za mfumo zikabidhiwe kwake pamoja na hati ya mashtaka, zikiwa na maelezo ya Kiswahili ya kila safu, kwa maana ukurasa wa tarakimu tupu haujibiki. Fundi aliyechunguza aje kama shahidi, aulizwe maswali, atoke. Asikae mezani na wajumbe. Mwenyekiti asiwe yule bosi aliyelalamika. Mkimsimamisha kupisha uchunguzi, mlipeni mshahara wake kamili, na siku hiyo hiyo mfunge akaunti zake bila kuzifuta, kwa sababu akaunti iliyofutwa huondoka na ushahidi uliomo. Shauri likifika Tume, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba alifukuza kwa haki, na mfanyakazi ana siku 30 za kulipeleka.

Fedha sasa, maana hapa wengi mnakosea kwa nia njema. Kompyuta mpakato imenunuliwa shilingi 1,800,000 na hesabu zenu zinaipa maisha ya miaka 3. Mfanyakazi ameiacha ndani ya Bajaji baada ya miaka 2. Hasara ya kampuni ni 600,000, si 1,800,000. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inaruhusu kukata mshahara kufidia hasara, lakini mfanyakazi akubali makato kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake, apewe kwa maandishi chanzo, kiasi na namna kilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kupinga, kisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Kwa mshahara wa 900,000 robo ni 225,000: mwezi wa kwanza 225,000, wa pili 225,000, wa tatu 150,000, basi. Na kama aliporwa kwa kisu Ubungo saa moja usiku baada ya kubakizwa kazini, kosa lake liko wapi? Wahenga walishasema mali bila daftari huisha bila habari: hakuna hesabu hata moja kati ya hizi inayowezekana bila fomu ya makabidhiano yenye namba ya kifaa, hali yake, chaja, begi, thamani ya siku hiyo na sahihi mbili. Diski isimbwe kabla ya kukabidhiwa, ili kompyuta ikipotea upotee mtambo na taarifa za wateja zibaki salama.

Laini za simu za ofisi zinahitaji jicho la pekee. Usajili kwa alama za vidole ulianza 1 Mei 2019, na kampuni nyingi, kwa haraka, zilimtuma mfanyakazi akasajili namba ya huduma kwa wateja kwa kitambulisho chake cha NIDA. Mtu huyo akiondoka, namba iliyochapwa kwenye mabango, inayopokea malipo na inayoletewa namba za uthibitisho za benki, kisheria ni yake. Akiizuia, mnamwita mwizi wa mali ya kampuni, naye anaonyesha usajili. Hamisheni laini zote ziwe kwa jina la kampuni mwezi huu. Kurasa za Instagram na Facebook nazo zimilikiwe kupitia barua pepe ya kampuni. Tunakuta zinaendeshwa kupitia Gmail ya kijana wa masoko.

Bado sehemu ngumu kuiandika. Kwenye vichujio vingi vya mtandao ipo orodha ya wasioguswa, na orodha hiyo ni ninyi. Kompyuta ya mkurugenzi haina kikomo, haina kichujio, haiandikiwi kumbukumbu, na mara nyingine ndiyo yenye programu iliyovunjwa leseni kwa ajili ya mtoto wake. Hilo ni tundu la usalama, na kwenye kikao cha nidhamu ni tundu la haki, kwa sababu kanuni isiyomgusa bosi haitumiki kwa wote. Tunaomba orodha hiyo ifutwe. Na sisi mtubane vilevile, kwa kuwa fundi ana funguo za kila mlango: awe na akaunti mbili, moja ya kazi za kila siku na moja ya usimamizi, ya pili ikitumika kwa kazi yenye namba ya ombi tu. Kumbukumbu za usimamizi zitumwe mahali ambapo fundi mwenyewe hawezi kufuta, zisomwe na mkaguzi wa ndani kila mwezi. Akikataa hilo, muulizeni kwa nini.

Tunaomba jambo moja kabla ya kikao chenu kijacho cha nidhamu. Mwambieni msimamizi wa mifumo achapishe orodha ya akaunti zote zilizo hai leo, kila moja na jina la mtu mmoja aliye nyuma yake na tarehe aliyoingia mara ya mwisho. Mkuu wa rasilimali watu aketi nayo na orodha ya mishahara, kalamu mkononi, wazipitie wote wawili mstari kwa mstari. Zile zisizo na mtu, za waliokwishaondoka, na zile zenye watu watatu, zifungwe jioni hiyo. Kwa ofisi ya watu 60 ni kazi ya mchana mmoja, na tuko tayari kukaa nanyi mpaka iishe.

Wenu katika kazi,

Mafundi wa mifumo, wasimamizi wa mitandao na wakaguzi wa TEHAMA
Dar es Salaam